Nani Alimuua Ng'ombe wa Wayunani

Mwezi uliopita nilimpikia mgeni migebuka bila kumwuliza kwanza kama anakula samaki, na sufuria lilipoanza kuchemka ndipo nikakumbuka ni mtoto wa nani. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi, mimi mwanamke mzima mwenye mvi, nikaona aibu kama msichana aliyevunja sahani ya wageni. Nikatoka sebuleni kumwuliza. "Nakula, Mama," Goreti akasema, akacheka kidogo. "Samaki, nyama, vyote mimi nakula. Baba ndiye alikuwa na mambo yake." Kisha akaacha kucheka, kwa sababu baba yake, Mwalimu Salvatori, alikuwa amezikwa wiki chache nyuma huko kwao Burundi, na yeye alikuwa amevuka mpaka na kuja hadi Buzebazeba, Kigoma, kwenye nyumba hii aliyoishi baba yake alipokuwa mkimbizi, ili aniulize jambo moja. Alisema ataliuliza tukishaanza kula. Nikarudi jikoni, nikaongeza mawese ambayo hayakuhitajika, nikakaa kwenye kigoda. Nilijua atauliza nini. Nimefundisha hesabu katika shule za sekondari maisha yangu yote ya kazi, na kila mwaka nilipofika kwenye kanuni ya pembetatu yenye pembe mraba, nikaandika ubaoni jina la yule Myunani ambalo kila mwanafunzi analijua, nilisikia swali hilo likija kwa mbali.

Ulikuwa mwaka niliomaliza kidato cha nne, katikati ya miaka ya tisini, nikawa nangoja matokeo nyumbani kwa Shangazi Hadija. Nyumba ni hii hii, ila sasa ina bati jipya na sebule yenye vigae. Wakati ule ilikuwa na vyumba vitatu upande mmoja, ua wenye mchanga uliofagiliwa, jiko la mabati pembeni, na chumba kimoja cha uani ambamo Shangazi aliweka magunia ya dagaa aliowanunua mwaloni Katonga kuwauzia wafanyabiashara wa Kasulu na mbali zaidi. Harufu ya chumba kile haikutoka hata magunia yalipotoka. Ndimo alimolazwa Mwalimu Salvatori. Nilicheka sana siku ile, nakiri: mtu pekee katika mkoa mzima asiyekula samaki ndiye aliyepewa kulala na dagaa.

Alikuja asubuhi moja na mtu wa mitumbwi, yeye Mwalimu mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na mfuko wa nailoni wenye daftari mbili na wembe wa kunyolea. Mkewe alikuwa na shangazi yake mfanyabiashara upande wa pili wa ziwa, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akinunua dagaa kwetu. Walipotawanyika siku ya kukimbia, yeye njia moja, mkewe na mtoto mchanga njia nyingine, neno walilokuwa wamepeana lilikuwa moja tu: atakayevuka aende Buzebazeba kwa Hadija wa dagaa, amsubiri mwenzake hapo. Hawakuwa na anwani nyingine duniani. Kwa sheria alitakiwa awe kambini, na kibali cha kukaa mjini hakuwa nacho. Mwenyekiti wa mtaa alilijua hilo vizuri kabisa, kwa sababu Mwalimu aliwafundisha watoto wake Kifaransa na hesabu kwenye kibaraza chake, na basi kila mtu alijua na kila mtu alinyamaza. Kila baada ya siku mbili alitembea hadi Katonga, akasimama kando ya watu wanaopakua, akawauliza wenye mitumbwi kama wamemwona mwanamke mwenye mtoto wa kike. Kisha alirudi, akanawa miguu uani, akasema, "Si leo, Mama," na Shangazi akamjibu, "Kesho Mungu akipenda."

Siku ya kwanza Shangazi alimheshimu kwa kuhe mkubwa ndani ya mawese, samaki ambaye sisi wenyewe tulimla kwa nadra. Mwalimu aliitazama sahani kwa muda. "Mama, unisamehe sana. Sili kitu kilichokuwa na macho." Shangazi alidhani hakusikia vizuri. Alipoelewa akashika kiuno. "Sasa Mwalimu, utakufa. Hapa kwetu hata mchicha tunautia dagaa. Utakula nini?" Akasema maharage. Na kweli, tangu siku hiyo kukawa na masufuria mawili kwenye nyumba yetu, la kwetu na la kwake, na Shangazi, aliyelalamika kuhusu mkaa kwa kila mtu mwingine, hakulalamika kuhusu sufuria lile hata mara moja. Ugali wa muhogo, maharage yenye mawese na kitunguu, wakati mwingine sombe, yaani kisamvu kilichotwangwa, bila kitu cha ziwani ndani. Alikula polepole, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akasema "urakoze cane, Mama", asante sana ya Kirundi, nasi tukazoea.

Majirani hawakuzoea. Walikuwa na maelezo yao tayari. Alasiri moja tulikuwa uani sote watatu, na upande wa pili wa ukuta wa matete wanawake wawili wanasuka ukili. Tulisikia kila neno. "Maskini, ameona damu yule. Mtu akishaona vile, nyama haipiti." Mwenzake akasema, "Hata mimi ningekuwa yeye." Lilikuwa neno la huruma, na nilidhani Mwalimu ataguswa. Badala yake niliona uso wake ukibadilika. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona amekasirika. "Niliacha nyama nina miaka ishirini na mbili," akatuambia sisi, kwa sauti ya chini ili wale wasisikie. "Nilikuwa na nyumba. Nilikuwa na baiskeli. Kulikuwa na amani, hata kuku hakupigwa jiwe. Niliacha kwa sababu ya kitabu, peke yangu, nimekaa kwenye kiti. Vita vimechukua nyumba, vimechukua baiskeli. Hili msivipe." Shangazi akasema, "Sawa, Mwalimu, hatuvipi." Mimi nilikuwa nimekaa hapo, nilisikia kwa masikio yangu haya mawili. Nayaandika haya mapema ili asiwepo msomaji wa kunitetea baadaye kwamba sikujua.

Kitabu chenyewe kilibaki kwao, kwenye shule ya mapadri alikokuwa akifundisha falsafa, lakini alikuwa nacho kichwani. Alasiri, jua likishapungua makali, tulitandika mkeka kivulini. Mimi nilichambua dagaa, nikawatoa mchanga na vijiwe kwenye ungo, yeye upande wa pili akachambua maharage yake, na akafundisha. Nadhani alikuwa anaumwa kwa kukosa darasa. Nilimjua yule wa pembetatu kwa kanuni yake tu, nikashangaa kusikia kwamba alikuwa na wafuasi waliokula pamoja bila nyama, na kwamba aliamini nafsi ya mtu akifa husafiri na kuingia katika mwili mwingine, wa mtu au wa mnyama. Siku moja alipita mahali mtu anapiga mbwa, akamwambia aache, kwa sababu amesikia katika mlio wa mbwa sauti ya rafiki yake aliyekufa. "Alikuwa anatania?" nikauliza. "Wengine wanasema walimtungia ili kumcheka," Mwalimu akasema. "Lakini mtu aliyecheka aliacha kupiga mbwa, nadhani." Akanieleza na wale waliompinga, maana hakuwa mtu wa kuficha upande wa pili: waliosema mnyama hana akili, hawezi kufanya mapatano na sisi, kwa hiyo hatuwezi kumdhulumu zaidi ya tunavyoweza kudhulumu jiwe. Na mwingine wa baadaye sana, aliyesema anashangaa watu wanamwuliza kwa nini yule aliacha nyama, wakati swali lingekuwa yule wa kwanza kabisa kutia mfu mdomoni alikuwa na moyo gani.

Shangazi alikuwa akipita na ndoo, akasikiliza, akaondoka, akarudi na jibu. Ilikuwa karibu na Idi, na mbuzi wetu alikuwa amefungwa pale pale uani. Mwalimu alikuwa ametoka kunieleza kuhusu Myunani mmoja wa kisiwani aliyesema kwamba baba anamwinua mwanawe aliyebadilika umbo, anamchinja huku anaomba dua, mpumbavu, hajui. Shangazi akatua ndoo. "Mwalimu, mimi sijasoma. Lakini Nabii Ibrahimu aliambiwa amchinje mwanawe, na Mungu akamletea kondoo ili mtoto apone. Sasa huyo wako anataka kumgeuza kondoo awe mtoto tena?" Mwalimu akaweka ungo chini, akacheka mpaka akajifuta macho. "Mama, kwenye shule yetu hakuna padri aliyewahi kunipiga hivyo." Siku ya Idi alitusaidia kubeba maji, akamshika mbuzi kichwani kwa muda kabla hajachukuliwa, kisha akatoka kwenda Katonga kuuliza mitumbwi mpaka tulipomaliza kuchoma. Shangazi alimwekea maharage kwenye sinia lile lile la pilau, katikati, kama mtu mwenye haki.

Kisa ninachokikumbuka zaidi kilitoka kwa Myunani mmoja aliyemwandikia barua ndefu rafiki yake. Rafiki huyo alikuwa ameacha nyama kisha akairudia, na barua ilikuwa ya kumvuta arudi. Humo ndani alisimulia kesi. Kila mwaka, mjini kwao, waliweka nafaka juu ya madhabahu, wakawazungusha ng'ombe. Aliyekula nafaka ndiye aliyechinjwa, kama kwamba amejitakia. Mwenye shoka alimpiga, akalitupa shoka, akakimbia. Waliobaki walimchinja, wakachuna, wakala wakashiba. Walipokwisha kushiba ndipo wakafungua kesi ya mauaji. Wasichana walioleta maji ya kunolea wakasema wenye kosa ni walionoa. Walionoa wakasema ni aliyewapokea vyuma na kuvipeleka. Huyo akasema ni mchinjaji. Mchinjaji akasema ni kisu. Kisu hakikusema kitu, kwa hiyo kikapatikana na hatia, kikatupwa baharini. Na ngozi ya ng'ombe wakaijaza nyasi, wakaishona, wakaisimamisha mbele ya plau kana kwamba yu hai na kazi inaendelea. "Haya, Zena," Mwalimu akasema. "Nani alimuua ng'ombe?" Nikajibu mara moja, kwa kujiamini: "Wote." Akatikisa kichwa. "Hilo ni jibu la mwanafunzi mvivu. Ukisema wote, kila mmoja anakwenda zake nyumbani. Nitajie mmoja." Nikasema sijui. "Nenda ukafikiri. Nasubiri jibu." Nilifikiri mpaka ungo ulipokwisha, nikasahau.

Wiki moja baada ya Idi Shangazi aliumwa mgongo, akanituma Katonga peke yangu na mabeseni. Ilikuwa asubuhi nzuri, dagaa walikuwa wametapakaa kwenye mchanga wakikauka, na wanawake wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa wakisubiri bei. Miongoni mwao alikuwa Mama Shukuru, mchuuzi mwenye sauti kubwa na moyo mzuri, aliyenijua tangu nikiwa mdogo. "Zena! Shangazi hajambo? Na yule Mrundi wenu, bado anakula majani?" Wakacheka. "Amekuja kwenye nchi ya samaki, anakula majani kama sungura!" Nilijaribu kueleza. Niliwaambia kuna Wayunani wa kale, yaani Wagiriki, walioacha nyama kwa sababu ya falsafa. "Wagiriki?" Mama Shukuru akapiga makofi. "Wale wa mashamba ya mkonge? Baba yangu alikwenda manamba kwa Mgiriki, walikula nyama kila siku, wao manamba wakapewa mifupa!" Kicheko kikasambaa mpaka kwa wapakuaji. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, nimezoea kusikilizwa kwenye mkeka wetu kama mtu mwenye akili, na hapa nachekwa na watu wenye magamba mikononi. Nilitaka kicheko kile kikome. Nikashusha sauti, nikasema: "Chekeni tu. Mngejua alichokiona kwenye maji huko alikotoka, na nyinyi msingewala hao samaki."

Kikakoma. Sijawahi tena maishani kupata kimya kizuri namna ile. Mama Shukuru akaniinamia. "Ameona nini?" Nikasema, "Mama, unajua mwenyewe wanavyotupa watu mtoni. Na mto unaingia wapi?" Akatazama ziwa. "Amesema mwenyewe?" Hapo palikuwa na nafasi. Niliiona, ilikuwa pana ya kutosha kupita. Nikasema, "Amesema mwenyewe." Kisha nikanunua dagaa wangu kwa bei nzuri, nikaja nyumbani nimefurahi, na alasiri ile nikakaa kwenye mkeka mbele yake nikawachambua.

Maneno yale yalifika sokoni Ujiji kabla ya magunia. Kufikia wiki iliyofuata watu walikuwa wanasema kwamba mkimbizi mmoja msomi ameona kwa macho yake, kwamba samaki fulani amekutwa na pete tumboni, kwamba daktari amekataza. Malori ya Kasulu yalipakia chumvi yakaondoka bila dagaa. Katonga dagaa walinyeshewa mvua kwenye mchanga, wakaoza, wakafukiwa. Mama Shukuru alikuwa na watoto watano na hakuwa na kazi nyingine. Na Shangazi yangu, mwenyewe mfanyabiashara wa dagaa, alikaa mlangoni mwa chumba cha uani na magunia yake, akasema, "Nani sasa mwenye mdomo mchafu namna hii?" Mimi nilikuwa ninafagia. Niliendelea kufagia. Nyumba nzima tukawa tunakula maharage kutoka sufuria moja, na Mwalimu akatania kwamba hatimaye ametubadilisha dini. Nilicheka naye. Hicho kicheko nakichukia kuliko uongo wenyewe.

Watu wa Katonga walikuja kwa mwenyekiti wa mtaa siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, nao hawakuja wawili. Mabenchi yalijaa, wengine wakakaa kwenye mizizi ya mwembe na matofali. Mwenyekiti, aliyekuwa mtu wa haki na mwenye kupenda utaratibu, akasema hatutapiga kelele, tutakwenda mtu kwa mtu. Akaanza na muuza sokoni. Umesikia wapi? Kwa mpagazi. Mpagazi, umesikia wapi? Kwa dereva, na dereva kwa mwanamke wa Katonga. Kila mmoja alisimama, akakunjua mikono, akasema yeye alisikia tu, mwenye kosa ni aliyemwambia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Shangazi, nami nilikuwa nimeshasikia kesi hii. Niliijua mpaka mwisho. Mama Shukuru akasimama, macho yamemwiva. "Mzee, mimi nimesema, sikatai. Lakini sikutunga. Nimeambiwa na huyu, Zena, wa kwa Hadija." Vichwa vyote vikageuka. Shangazi akageuka mwisho. "Zena," mwenyekiti akasema kwa upole, "mwanangu, wewe umesikia wapi?" Ningeweza kusema: sikusikia popote. Maneno mawili. Mwalimu Salvatori alikuwa amesimama karibu na lango, na shati lake limefungwa mpaka shingoni. Nikasema, "Mwalimu ndiye alisema."

Alinitazama. Sikuona hasira, na miaka mingi nimetamani ingekuwa hasira. Alinitazama kama alivyonitazama nilipokosea hesabu rahisi, kwa muda mfupi, kuona kama nitaikagua tena. Mwenyekiti akauliza, "Mwalimu, ni kweli? Ulisema hivyo?" Na yeye, mtu aliyetukataza tusivipe vita jambo lile moja, akavua kofia yake, akasema, "Ndiyo, Mzee. Nilisema." Shangazi akasema kwa sauti, "Mwalimu!" Kelele zikaanza, na mtu mmoja kutoka Katonga akauliza kibali cha huyu mtu kiko wapi, na swali hilo likishaulizwa mbele ya umati, mwenyekiti hakuweza tena kujifanya hajui. Siku ya tatu lori la kambini likaja.

Alipakia mfuko wake ule ule. Shangazi alimfungia maharage mabichi kwenye kanga, kibaba kizima, huku analia waziwazi. Mwalimu akamwambia, "Mama, mke wangu akija, mwambie niko kambini. Usimwache aondoke." Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa karibu kila neno. "Zena, yule ng'ombe," akasema. "Bado nasubiri jibu." Akapanda.

Siku ya nane baada ya hapo, mtu wa mitumbwi alikuja mpaka mlangoni. Shangazi alikuwa sokoni, nilikuwa peke yangu. Alisema kuna mwanamke kijijini Mwamgongo, kando ya ziwa, ameshuka na mtoto wa kike, anamwulizia Mwalimu Salvatori wa kwa Hadija, na mwenye mtumbwi yuko tayari kumleta ikiwa mume yupo wa kumpokea, maana hataki kukamatwa na watu wasio na mwenyewe. Yupo? Nikasema hayupo. Nilimwambia aliko, nikamwomba awalete hata hivyo, akasema atauliza. Shangazi aliporudi tulikwenda mbio kutafuta chombo, tukafika Mwamgongo kesho yake mchana. Walikuwa wameshachukuliwa pamoja na wengine, kupelekwa kambi nyingine, upande mwingine wa mkoa. Ilichukua misimu miwili ya mvua kabla barua zao hazijakutana. Goreti alikuwa ameshaanza kuongea alipomwona baba yake, akamkimbia, akamwita bwana. Shangazi aliendelea kuinjika sufuria la pili kwa zaidi ya mwezi, akapakua sahani, akaifunika, jioni akawamwagia kuku. Nilikuwa naitazama sahani ile na kuiona ngozi iliyojazwa nyasi. Hakuwahi kuniuliza. Amekufa bila kuniuliza, na mimi nilimwosha kwa mikono yangu hii, bila kumwambia.

Basi tulikaa mezani mimi na Goreti, na migebuka katikati. Ana vidole vya baba yake. Alimega ugali, akachovya, akaubana na kipande cha samaki, akakishika. "Mama Zena," akasema, "kwenye mazishi padri alihubiri kwamba baba aliacha nyama kwa sababu ya vita. Kwamba aliona miili majini akala kiapo. Watu wakalia sana. Lakini mimi baba aliniambia ni kitabu, tangu ujana, kabla ya mama, kabla ya yote. Kambini tulipewa mahindi na maharage tu, hakuna aliyemwuliza, basi alifurahi. Padri nilimfuata, nikamwuliza amepata wapi. Akasema watu waliokuwa naye Kigoma wanajua, alisema mwenyewe, mbele ya baraza. Nikamwuliza mama, akasema kweli, baba alikiri. Sasa sijui nimzike yupi. Baba alinidanganya mimi, au aliwadanganya nyinyi?" Akanitazama. "Alisema, au hakusema?"

Nilisikia majibu yote yakijipanga mlangoni, yamevaa vizuri. Ilikuwa zamani. Watu walikuwa wanasema mengi. Miaka ile kila mtu alikuwa na hofu. Tulikosea sote. Nilisikia na sauti yake kutoka upande wa pili wa mkeka, na maharage yakianguka mojamoja kwenye ungo. "Hakusema," nikasema. "Hajawahi kusema. Alituambia ni kitabu, kama alivyokuambia wewe, na alituomba tusivipe vita jambo hilo. Maneno ya samaki niliyatunga mimi, Katonga, kwa sababu walinicheka. Na mbele ya baraza nikasema ni yeye. Alikiri ili nisiaibike. Ni mimi, Goreti. Si watu. Ni mimi mmoja."

Goreti aliurudisha ugali na samaki wake kwenye sahani, taratibu, akaisogeza sahani mpaka katikati ya meza. Akachukua birika, akanawa mkono wake, kidole kwa kidole, akaukausha kwenye kanga yake. Nikajua sasa atasimama, achukue mkoba, na sikuwa na haki ya kumzuia. Alitazama dirishani, upande wa ua, mahali palipokuwa na chumba cha dagaa. "Naomba maharage, Mama," akasema.

Nikamwambia sina yaliyopikwa, nina makavu tu, hata sijayaloweka, yatachukua muda mrefu sana.

"Nitasubiri," akasema.